Ambari Mouzaoir, Mhamisha Vyombo vya Watu

Ndugu, jamaa na majirani, na ninyi mliovuka kutoka Moroni mkafika na macho mekundu, assalamu alaikum. Familia imetupa kazi ya kuwasomea maisha ya mjomba wetu, marehemu Ambari Mouzaoir, nasi tunaomba mtuvumilie tukisoma polepole, kwa sababu tumechoka, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka tangu zamani.

Marehemu alizaliwa Mirontsy tarehe 14 Machi 1926, mtoto wa pili wa Bwana Mouzaoir, muuza chokaa, na Bibi Maanrifa, akasoma chuoni mpaka akahitimu msahafu, shule ya Wafaransa akaikalia miaka miwili tu, ikamshinda, au yeye akaishinda, maana kila mtu ana kauli yake. Mwaka 1943 alikwenda Unguja kwa ami yake, akawa hamali wa rukwama, akihamisha vyombo vya watu kutoka Mji Mkongwe kwenda Ng'ambo, na huko ndiko alikochuma Kiswahili hiki tunachosomea leo, kwa ajili ya jamaa zake waliotoka huko kuja kumzika. Ndiko pia alikojifunza kwamba kitanda hupakiwa mwisho ili kishuke mwanzo, kwa kuwa mtu aliyehama hutaka pa kujinyoosha kabla ya kutaka kingine chochote, kwamba kioo husafiri mapajani mwa mtu, na kwamba sanduku la mwanamke halifunguliwi hata likilia namna gani.

Alirejea mwaka 1952, na tarehe 6 Agosti 1955 akamwoa Bibi Zalifa wa hapa Mutsamudu, akahamia kwake na sanduku moja na msala, kama tunavyohamia wanaume wote wa visiwa hivi, maana nyumba ni ya mke, na mume ni mtu wa kukaribishwa. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto wawili, Djaouharia, aliyezaliwa mwaka 1957, na Chaher, aliyezaliwa mwaka 1961. Mwaka 1969 marehemu alinunua lori kuukuu, akaanza kuhamisha nyumba nzima nzima baina ya Moroni na Mutsamudu, lori likivushwa bahari kwa meli, mlango kwa mlango, na kila lori liliporudi tupu alilipakia mawe na chokaa, akamjengea Djaouharia nyumba yake, kama baba yeyote wa hapa anayejiheshimu, na ikamchukua miaka sita, mgongo ukapinda.

Uhuru ulipokuja, Julai 1975, kazi ilifurika, Wafaransa wanafungasha, watu wetu wanarudi walikohama, na matapeli nao wakaingia, wakapakia vyombo vya watu Moroni visionekane tena duniani. Kwa hiyo mwaka uliofuata, ilipotoka amri kwamba hakuna kuhamisha vyombo vya nyumba kwa gari bila kibali, marehemu alikuwa wa kwanza kuisifu. Lori likaguliwe, alikubali, awepo mdhamini wa kulipa kitakachovunjika, alikubali, lakini sharti la tatu lilimtaka mwenye kampuni awe na nyumba kwa jina lake mwenyewe, ili akipoteza mali za watu serikali ipate pa kumshika. Jamani, mwanaume gani hapa ana nyumba? Karani wa Moroni aliyempa sharti hilo alikuwa mwenyewe anakaa kwa mkewe kule Ikoni, na marehemu alipomuuliza yeye angeonyesha nyumba ipi, alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamwambia arudi wiki ijayo.

Akarudi wiki ijayo, na nyingine, na nyingine, mpaka Aprili 1977 wafanyakazi wa serikali wakaachishwa kazi, majalada yakachomwa moto, na ombi lake likaondoka na moshi. Vijana wa kamati za mapinduzi wakashika nafasi zao, na katika yote yaliyoungua, lile sharti, wallahi, halikuungua. Wakalisimamisha lori hapo Mirontsy, likiwa na vyombo vya Bibi Zouhoura, mjane aliyekuwa anarudi kwao, wakateremsha kitanda chake barabarani, naye akakiunga mwenyewe, akakikalia katikati ya njia, akawaambia kwamba anawajua mama zao kwa majina, na kwamba hatoki hapo mpaka vyombo vyake vifike. Vilifika, vichwani mwa vijana hao hao. Ila ufunguo wa lori ulibaki kwa kamati.

Hapo ndipo mdogo wa marehemu, Maoulida, alipotoa shauri kwamba nyumba ya Djaouharia iandikwe jina la marehemu, walau kwa mwaka mmoja, kibali kitoke na watu wapate kula. Bibi Zalifa, ambaye sufuria yake ilikuwa imeanza kukaa kando ya jiko, alisema haoni ubaya, na Djaouharia mwenyewe akaja na mtoto mgongoni, akamwambia baba aichukue, mikono iliyoijenga si ya mwingine. Marehemu alikula hadi mwisho, akanawa, kisha akawajibu kwamba leo itaandikwa yake, kesho atakufa, na mali ya maiti hugawanywa, atakuja Chaher na fungu lake, atakuja Maoulida na madai yake, na siku hiyo Djaouharia atatolewa nje na vyombo vyake, na yeye hamali wake atakuwa kaburini. Wapo waliomwita mkaidi, hata ndani ya ukoo, na alisikia, na iliuma.

Basi alirudia rukwama, kwa kuwa amri ilitaja magari tu, akasukuma makabati ya watu akiwa na miaka hamsini na moja, mlima kwa mteremko, mpaka Januari mwaka huu wa 1978 kifua kilipoanza kumbana. Mwezi uliopita serikali ilibadilika tena, na sasa hatujui kibali kinatolewa na nani, wala yeye hakuuliza. Alifariki Jumamosi, tarehe 17 Juni, kabla ya adhuhuri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bibi Zalifa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliopika tangu juzi, Bibi Zouhoura aliyekuja na miguu yake mibovu, na mahamali wa bandari waliombeba mjomba wetu bila kukubali kupokezana na mtu.

Jana wanaume wa ukoo tulikaa kutazama mirathi, Maoulida akiwa wa kwanza kufika, tukakuta lori lenye kutu, rukwama, na sanduku lile moja. Nyumba hii ambayo mmeketi kwenye mikeka yake haimo, ni ya Djaouharia, na baada yake ni ya binti yake.

Mjomba, pumzika. Djaouharia hahami.