Glasi Nne Zilizorudi Zimejaa

Kijiwe chetu cha Mtanda ni benchi la mbao mbele ya duka la Abizer, hapa Lindi mjini. Mimi Kondo ndiye muuza kahawa wa hapo, mwaka wa kumi na tisa huu, na sijawahi kusikia mtu wa benchi lile akisema "sijui". Siku moja kabla ya Krismasi, alasiri, jua likiwa bado linachoma, wateja wangu walikuwa watatu. Hakimu, ambaye alikuwa karani wa mahakama na hajawahi kuhukumu hata kuku. Kiwanda, aliyefanya kazi miezi mitano kwenye kiwanda cha soda Dar es Salaam na mpaka leo hana habari nyingine. Na Sindano, mfagizi mstaafu wa zahanati, anayetibu kila mtu isipokuwa goti lake. Akatokea Alfonsi seremala, jirani yetu wa nyumba ya tatu, aliyefiwa na mkewe Helena mwezi wa tatu. Hakukaa. Mkononi alikuwa na pakiti ya pipi kifua, zile nyeupe za peremende zinazopoza koo.

Alfonsi: Jamani, nina shida. Wanangu Debora na Benjamini wanaingia leo na basi, na wajukuu wote.

Hakimu: Hiyo shida au neema?

Alfonsi: Sikiliza basi. Debora kanipigia. Anasema, "Baba, pilau hata huku ipo. Sisi tunafuata soda ya aiskrimu ya mama. Kama haipo, hapo nyumbani hapana kitu tena. Tupangishe nyumba, wewe uje ukae na sisi Dar." Aiskrimu nimenunua, iko kwenye friza la Abizer. Soda ninazo. Pipi hizi hapa. Nimejaribu tangu asubuhi, natoa kitu kama maji ya kusukutulia. Nyinyi mmeinywa miaka yote. Alikuwa anaitengenezaje?

Nieleze kidogo. Hapa kwetu Krismasi sahani hutoka kwa Wakristo, Idi hutoka kwetu Waislamu, na chombo cha watu hakirudi kitupu, unatia hata kashata mbili. Helena yeye, kabla ya sahani ya pilau, alitanguliza sinia la glasi. Soda nyeupe, bonge la aiskrimu linaelea, pipi iliyopondwa juu, povu linapanda mpaka linamwagika. Kwa joto la Desemba la Lindi, ukiinywa hiyo unasahau deni la kodi. Kila mwaka glasi nne: tatu za hawa mabwana na ya nne yangu.

Kiwanda: Hilo dogo sana, mzee baba. Soda kwanza, aiskrimu baadaye. Ile gesi inatafuta njia ya juu, ikikutana na baridi inapasuka. Kiwandani tulikuwa tunaita...

Hakimu: Kiwandani ulikuwa unapanga kreti.

Kiwanda: Nilikuwa napanga huku naangalia!

Hakimu: Ni aiskrimu kwanza. Mimi nimeiona kwa macho yangu. Aiskrimu, pipi nne, halafu soda inamiminwa ubavuni mwa glasi, pole pole.

Sindano: Pipi nne kwa glasi moja? Unataka kuua watu? Ile ni dawa bwana, ina dozi yake. Moja tu, tena inasagwa unga. Ukizidisha moyo unaganda.

Kiwanda: Moyo unaganda! Acha kamba.

Sindano: Nimefanya kazi zahanati miaka ishirini.

Hakimu: Umefagia.

Alfonsi alikuwa anageuza shingo kwa kila anayesema, kama mtoto wa shule siku ya mtihani. Nilimwonea huruma. Mtu mzima, mikono ya kupiga randa, anauliza pipi ngapi.

Alfonsi: Sasa nishike lipi? Moja au nne?

Hakimu: Nikwambie siri? Ile haikuwa aiskrimu ya dukani. Lilikuwa tui la nazi, analigandisha.

Kiwanda: Tui wapi! Siri ilikuwa maji. Barafu yake alikuwa anafuata maji ya kisima kule Mitwero, usiku, asionekane.

Sindano: Barafu haikuwemo humo! Alifundishwa na masista wa misheni, na masista walipewa dawa ya unga kutoka Ulaya. Chupa ndogo ya kahawia. Ikaisha. Ndiyo maana mwaka jana...

Hakimu akamkazia macho. Kiwanda akainamia kikombe chake, ambacho kilikuwa kitupu.

Alfonsi: Mwaka jana nini?

Sindano: Hakuna. Nilikuwa nasema tu.

Alfonsi: Maana na mimi kuna kitu kinanisumbua. Alipolazwa, siku zile za mwisho, alikuwa anarudia neno moja. "Krismasi ijayo nipunguze pipi. Baba Debora, nikumbushe nipunguze." Nikadhani ni homa inasema. Apunguze kwa nini? Sisi nyumbani tuliipenda vile vile.

Hakimu: Ni homa, ndugu yangu. Mgonjwa husema mengi. Turudi kwenye tui la nazi...

Hapo nilishindwa. Niliweka birika chini.

Mimi: Si homa, Alfonsi. Mwaka jana glasi zilirudi.

Alfonsi: Zilirudi wapi?

Mimi: Kwako. Zote nne. Zimejaa.

Hakimu: Kondo, wewe uza kahawa.

Mimi: Sindano alinusa, akasema hii dawa ya kifua, Helena anatufanya wagonjwa. Kiwanda akacheka mpaka akapaliwa. Hakimu akatoa hukumu, "Irudishwe, mwaka huu ametuharibia." Mimi ndiye niliyebeba sinia.

Alfonsi: Nilikuwa wapi mimi?

Mimi: Ulikuwa bado kanisani, kwenye kwaya. Alinipokea mlangoni na kitambaa chake cha jikoni begani. Miguu ilikuwa imeshavimba, alikuwa ameegemea mwimo. Akaziangalia glasi, povu limeshakufa, aiskrimu imeyeyuka yote. Akasema, "Haidhuru, Kondo. Mwakani nitapunguza pipi."

Alfonsi: Na wewe? Yako ilikuwaje?

Mimi: Sikuigusa. Niliogopa kuchekwa.

Najisikia vibaya hata kuandika hivi. Ningeinywa ile moja tu, sinia lingerudi na glasi moja tupu na kashata zangu mbili ndani yake. Kashata ninazo kila siku, nauza.

Sindano: Sasa tulikuwa tunatania. Helena mwenyewe alijua kijiwe ni utani.

Alfonsi: Alikufa anahesabu pipi.

Mlango wa duka ukafunguka, akatoka Sana, mke wa Abizer, aliyeolewa mwezi wa sita akitokea Mwanza. Helena hakuwahi kumjua. Alikuwa amekumbatia kopo la aiskrimu, limevuja mpaka kwenye mtandio.

Sana: Shikamooni, wazee wangu.

Tukaitika: Marahaba.

Sana: Mzee Alfonsi, umeme umekatika tangu saa saba, aiskrimu yako inalainika. Nimesikia dirishani mnabishana. Samahani, si mahali pangu. Lakini mbona ni rahisi? Itengenezeni kama alivyokuwa anajitengenezea yeye. Yeye glasi yake alikuwa anaipenda vipi, pipi nyingi au kidogo?

Kiwanda akamtazama Sindano. Mimi nikamwona Helena miaka yote kumi na tisa, Helena na sinia, Helena na chano, Helena akifuta meza. Sikumwona na glasi yake.

Sana: Mzee?

Alfonsi: Alikuwa anagawa. Mimi yangu alinipa ya kwanza. Halafu watoto, halafu benchi.

Sana: Na yeye?

Simu ya Alfonsi ikaita. Sauti ya Debora ilisikika mpaka kwetu, watoto wanaimba nyuma yake ndani ya basi.

Debora: Baba, tumeshapita Mchinga, tunakaribia! Glasi ziko tayari?

Alfonsi: Njooni tu, mwanangu.

Akakata. Akalipokea lile kopo kwa mikono miwili. Pakiti ya pipi akaiacha pale benchini, katikati ya Hakimu na Sindano, akaenda zake bila kuaga. Maziwa yalikuwa yanadondoka nyuma yake barazani, tone moja moja, mpaka nyumba ya tatu.

Hakimu akakohoa, akaninyooshea kikombe.

Hakimu: Haya Kondo, tia nyingine, tumalizie.

Birika lilikuwa nusu, na makaa bado mekundu.

Mimi: Kahawa imekwisha.