Sanduku la Sabuni na Maji ya Moto

Asanteni kwa kunipa nafasi. Mwenyekiti wetu aliponiambia kwamba zamu ya kusema katika mkutano wetu wa mtaa ni yangu, nilimjibu kuwa mimi ni fundi wa masanduku, kinywa changu hakina kazi kubwa. Akasema hata fundi ana siku yake ya kusimama mbele ya watu. Basi nimesimama. Nikinyamaza katikati, mnivumilie, nitarudi.

Ndugu zangu, wengi wenu mliijua kazi yangu kwa pua kabla ya kuiona kwa macho. Nachukua sanduku la zamani, la sabuni au la chai, lililoshuka bandarini likiwa limechoka. Nalinyoosha, naziba matundu, halafu nalivika plakaji. Kwa vijana ambao hawajui, plakaji ni ubao mzuri uliokatwa mwembamba mno, unaubandika juu ya ubao wa hivihivi na watu wanaona kitu cha thamani. Mimi niliibandua kwenye makabati na redio kubwa zilizoachwa na Wazungu. Unatandaza kitambaa kibichi, unapitisha pasi ya makaa, mvuke unaingia, gundi ya zamani inalegea, unachomeka kisu taratibu na plakaji inatoka nzima. Naomba mlishike hilo la mvuke, maana njo hilo, ndilo lililonimaliza.

Masanduku yangu yalikuwa ya maharusi. Mnajua kwetu hapa bibi arusi haendi kwa mume mikono mitupu. Sanduku linatangulia, limebebwa na watu wa damu yake, na mtaa mzima unatoka kulitazama. Kwa hiyo nilikuwa na kazi, na nilikuwa na kiburi. Gundi yangu ilikuwa ya mifupa na ngozi, ya kuchemsha, na harufu yake ilikwenda mpaka msikitini. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alikuja siku moja kitenge kikiwa puani, akaniomba nihamishe jiko nyuma ya nyumba. Nikamwambia asiyetaka harufu ahamishe nyumba yake. Mama huyo yuko hapa leo. Ananitazama anacheka, na ana haki ya kucheka.

Na mimi sikuwahi kwenda kwa mtu kuomba hata kaa la moto. Moto ukizimika kwangu, nilikaa gizani.

Sasa nawaambia lile lililonileta mbele yenu. Mke wangu alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitupa watoto waliokuja kabla ya wakati, na wote wawili tuliwazika. Hii ya tatu tuliilinda kama yai. Halafu asubuhi moja ya mvua, wanaume wa mtaa wakiwa wameitwa salongo, ile kazi ya lazima ya wote, kuchimba mitaro, uchungu ukamshika, na miezi ilikuwa bado. Nikamweka juu ya baiskeli, nikaisukuma kwenye matope mpaka kwa wazazi, yaani pale wanapozalia.

Mtoto alitoka hai, wa kike. Aliingia kwenye kiganja changu, na nafasi ikabaki. Ngozi yake ilikuwa nyembamba hata niliogopa kumgusa kwa mikono hii yenye makovu ya kisu. Hakulia. Alikuwa anafungua mdomo kama anayetaka kulia, halafu anasahau.

Mashine ya kuwapasha watoto joto ilikuwepo, imefunikwa shuka safi kabisa. Ila umeme haukuwepo, mazuti ya kuendeshea jenereta yalikuwa yameisha, na treni ya kuyaleta hakuna aliyejua iko wapi. Mama yake alikuwa na homa kali, anatetemeka, hawezi kumlaza kifuani. Mkunga, ambaye alikaa mtaa wetu, alinivuta pembeni.

"Baba, uko na sanduku ku nyumba?"

Nikamwambia ninayo mengi, anataka la namna gani.

"Sanduku tu. Haiko ya arusi njo natafuta. Natafuta fasi ya kumupasha mutoto moto. Hapa kuni hakuna. Tutamupeleka kwako pamoja na mama yake, tutaweka chupa za maji ya moto pembeni yake, na mimi nitapita asubuhi na magaribi. Akipata baridi, atakufa."

Sasa sikieni akili ya fundi. Nilikuwa na sanduku la sabuni, zito, zuri, limekwisha kuzibwa matundu. Lingetosha hivyo. Lakini niliona mbao zile zilizokwaruzwa, na ule muhuri mweusi wa kiwanda ubavuni, nikasema mwanangu hawezi kulala ndani ya sanduku la sabuni. Vibanzi vitamchoma. Nikachukua plakaji bora kuliko zote nilizokuwa nazo, ya mlango wa kabati, nyekundu yenye mawimbi, na nikaibandika ndani ya sanduku, pande zote. Ilikuwa laini kama shavu. Mikono yangu iliruka kwa haraka na kwa furaha, maana hatimaye nilikuwa na kitu cha kumfanyia. Mtu asiye na la kufanya akipata la kufanya, hafikiri tena.

Tukamlaza ndani, juu ya pamba. Chupa za bia zilizojaa maji ya moto, zimefungwa vitambaa, kulia na kushoto. Kifuniko kikaachwa wazi kidogo apate hewa. Akapata rangi. Mkunga akapumua, mimi nikapumua.

Kabla jua halijazama, plakaji ilianza kuvimba. Joto, na unyevu wa vitambaa, ndugu zangu. Kazi yangu yenyewe. Kitu nilichokifanya kila siku kubandua makabati ya watu, nilikuwa nimekiwasha kando ya kichwa cha mwanangu. Ilijikunja, ikaachia, ukanda mmoja ukainama juu ya uso wake, na gundi ikaanza kunuka humo ndani alimokuwa anavuta pumzi. Nikaishika kwa vidole. Nikiibana huku inaachia kule. Nilikuwa naibana, nasema ngoja, ngoja, kama vile inanisikia. Mke wangu alinitazama kutoka kitandani. Alikuwa amekwisha kuona makaburi mawili.

Mkunga alifika, akamtoa mtoto, akamweka ndani ya nguo yake mwenyewe, na kwa mkono wa pili akaing'oa plakaji yote, vipande kwa vipande, akavitupa nje kwenye mvua.

"Mutoto hana lazima na uzuri," akaniambia. "Iko na lazima na maji ya moto. Enda uchemshe."

Nikachemsha. Lakini kuni zilikuwa zimelowa, na makaa yangu yaliisha. Nikachoma vipande vya mbao vya karakana. Nikachoma milango ya makabati. Nikachoma plakaji zangu zote, zilizochukua miaka kukusanywa, ziliwaka mara moja na kwisha kabla maji hayajapata hata povu. Chupa zilikuwa zinapoa haraka kuliko nilivyoweza kuzijaza. Nilimgusa mtoto mguu, ulikuwa baridi. Nikakaa chini, mlangoni mwa karakana tupu. Sikuweza hata kuomba dua. Nawaambia wazi, nilianza kuwaza nitamchimbia upande gani wa wale wawili. Hapo ndipo nilipofika. Chini ya hapo hakuna.

Sikuinuka kwa imani, msije mkanisifu. Niliinuka kwa sababu mke wangu aliniita kwa sauti ndogo, akasema, "Kama unaona haya, nisaidie nisimame, nitaenda mimi kwa majirani." Na hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa.

Nikachukua sufuria pekee niliyokuwa nayo, ile ya gundi, nikaenda kwa jirani niliyemwambia ahamishe nyumba. Mvua ilikuwa inaninyeshea. Alifungua. Nikanyoosha sufuria mbele yake, nikasema mtoto anapoa. Aliitazama, akaisogelea, akarudisha pua nyuma.

"Hii sufuria inanuka sana," akasema. "Kamata ya kwangu."

Akatoa yake, imejaa maji ya moto, ilikuwa jikoni kwa ajili ya ugali wa watoto wake. Akanifunikia kwa sahani, halafu akatoka yeye mwenyewe kwenye mvua, akaenda kugonga nyumba inayofuata.

Kuanzia hapo sikuchemsha tena peke yangu. Nyumba moja ilileta maji kwenye adhana ya alfajiri, nyingine ilileta wakati kengele ya misheni ilipolia. Waliokuja walikuwa wanaoswali na wasioswali, na wengine niliwahi kuwanunia. Walimimina, wakabadilisha vitambaa, wakamtazama mtoto, wakaenda zao. Hakuna aliyenikumbusha neno. Mimi kazi yangu ilikuwa kufungua mlango. Kila nilipoufungua nilihofu kwamba safari hii hakuna mtu nje, na kila mara palikuwa na mtu.

Mimi sikumponya. Mpaka leo nikisikia maji yanachemka nainuka kwenda kufungua mlango. Mama yake alipopata nafuu alimchukua kifuani, na siku moja mtoto akalia kilio cha kweli, kibaya, cha kuudhi, mtaa mzima ukasikia. Jirani yangu akapiga kelele kutoka kwake kwamba afadhali harufu ya gundi.

Mkunga wetu ametangulia, Mungu amlaze pema. Ninyi wengine mko hapa. Asanteni kwa maji. Na kwako wewe uliyekaa humu ndani na moto wako umezimika, hujasema kwa mtu, nakuomba toka na sufuria yako hata kama inanuka.

Nimalizie. Binti mnamjua, ndiye huyo aliyewagawia viti. Ijumaa anaolewa. Nilikuwa nimetafuta plakaji nzuri nimvike sanduku lake, lile lile la sabuni, maana hatukulitupa. Amekataa. Anataka liende lilivyo, na muhuri wa kiwanda ubavuni, na alama za gundi ndani. Basi litaenda hivyo, na mtaa utazame.

Lakini sanduku la bibi arusi linabebwa na watu wa damu yake, na wa kwetu wamebaki wachache, wengine wako mbali, Lubutu huko. Sikuzoea kuomba, lakini leo naomba. Ninyi mlioleta maji, njooni Ijumaa mlibebe.