Tata Shafii Alimasi, Baba wa Vyombo vya Nzilo

Tarehe 31 Julai 2025, Tata Shafii Alimasi anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kuchora katika jarida letu la hadithi za picha, Nyota ya Shaba, hapa Kolwezi. Aliingia kwetu mwaka 1998 akiwa na penseli sikioni na kofia nyeupe ya kufuma, ambayo sisi tunasema hajawahi kuibadilisha na yeye anaapa kwamba hii ni ya tatu. Anatuachia familia nzima ya vyombo vya anga. Havijawahi kuruka popote ila kwenye karatasi, lakini kuanzia hapa hadi Dilolo watu wanavijua na wanabishana juu yake kama watu wanaobishana juu ya mpira.

Mimi ni Annie Kabemba, ninayepaka rangi michoro yake. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa naye meza moja muda mrefu kuliko wengine, na pia kwa sababu wengine wote walikataa, wakisema watalia katikati. Mimi nilisema silii ovyo. Tutaona.

Wageni wa sherehe hii ya kumuaga ambao hawasomi jarida letu wanastahili maelezo kidogo. Hadithi yetu kubwa inahusu watu wa usafirishaji wanaobeba abiria na mizigo kutoka sayari moja hadi nyingine. Vyombo vyao vyote ni vya aina moja, aina ya Nzilo. Jina alilitoa Tata Alimasi mwenyewe. Alisema chombo cha namna hiyo kinahitaji umeme usiokatika njiani, na yeye tangu utoto alijua mahali pamoja tu pa kwenda kuuomba, kule kwenye bwawa la Nzilo. Kuanzia hapo kila kitu kilichohusu umbo la vyombo hivyo, milango, ngazi, jiko, hata mahali pa kukaushia nguo, kilitoka kichwani mwake. Na kilipimwa nyumbani kwake na mkewe, Mama Nafisa, ambaye hamtamwona akitajwa popote kwenye jalada letu. Kosa hilo ni letu.

Tata Alimasi ni mtoto wa watu wa malori. Baba yake alitoka Kasongo, akaendesha gari miaka mingi katika barabara ambazo hata mbuzi huzifikiria mara mbili, akazeekea Kolwezi. Katika nyumba ile hakuna aliyezungumzia mzigo kabla ya kuzungumzia njia. Daraja lina upana gani? Waya za umeme ziko juu kiasi gani? Mvua ikinyesha, gari litazama wapi? Kijana Shafii alikua akiyasikia hayo mezani kila siku, na alipoanza kuchora vyombo vya anga hakuona sababu ya kuacha kuuliza.

Ndiyo maana Nzilo ya Kwanza ilikuwa ndefu na nyembamba kama mkate wa asubuhi. Ndani, abiria walipishana kiubavu. Mkurugenzi wetu, Tata Baudouin Ngeleka, aliutazama mchoro, akaugeuza, akautazama tena, kisha akataka kujua ni nani alimwambia kijana huyu kwamba watu wa kesho watakuwa hawana matumbo. Tata Alimasi akaeleza kwa utulivu kwamba alikwenda stesheni na futi ya kupimia, akapima behewa. Vitu vikubwa vyote vilivyopata kufika Kolwezi vilifika kwa reli. Chombo cha anga ni kitu kikubwa. Kwa hiyo na chenyewe kitakuja kwa reli, na kama hakienei kwenye behewa, hadithi imeishia mpakani, Dilolo.

"Alimasi, ile kitu inaruka!" Tata Ngeleka alipiga kelele.

"Itaruka ikisha kufika, tata. Kwanza ifike."

Tata Ngeleka alicheka mpaka akavua miwani, na mchoro ukapita. Miezi michache baadaye msomaji mmoja wa Mutshatsha akatuandikia kumsifu mchoraji aliyeelewa kwamba chombo chembamba hupasua anga vizuri zaidi. Tata Alimasi aliipokea sifa hiyo kwa uso wa mtu aliyekuwa amepanga mambo hayo tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake na nilimwona.

Nzilo ya Pili, ya mwaka 2004, ni kazi ya Mama Nafisa. Alikuwa amesoma kila toleo na kila mara aliuliza swali moja: bukari, ugali wetu, inapikwa wapi? Mumewe akamchorea jiko. Akaulizwa tena: mpishi atasonga bukari namna gani kama viwiko vyake vinagonga ukuta? Hapo ndipo ilipoanza ile desturi ambayo sisi wa ofisini tulikuwa tukiicheka, kisha tukaenda kuitazama, kisha tukaanza kuisubiri. Tata Alimasi alichukua majivu ya mbabula, jiko letu la makaa, akachora uani kwake sakafu ya chombo kwa ukubwa wake halisi, kuta, milango na kona zote. Mama Nafisa akajitwika beseni, akaingia mlangoni, akafuata ujia, akakata kona, akafika jikoni, akasonga bukari ambayo haikuwepo. Mahali popote kanga yake ilipogusa mstari wa majivu, mume alipanguza na kuchora upya. Tangu siku ile hakuna chumba kilichochapishwa kabla Mama Nafisa hajapita ndani yake. Tata Alimasi alikuwa akisema wazi kwamba chombo ambacho mkewe hawezi kuingia hakijawa chombo, ni picha tu.

Nzilo ya Pili ilipata pia mabomba ya maji mlangoni, kwa kuwa vijana wachimbaji waliokuwa wanatusoma walitaka kujua mtu ataoshea wapi matope kabla ya kupanda. Ilipata chumba chenye mikeka ambacho asubuhi kilikuwa cha swala na jioni cha mazoezi ya kwaya. Ofisi yetu ilikuwa hivyo hivyo, na mpaka leo hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Ya Tatu, ya mwaka 2011, ilitaka kuwa kubwa zaidi, lakini behewa halikuongezeka hata kidogo. Yeye akapata dawa: kama upana umekataa, urefu haujakataa. Akaunganisha vyombo vyembamba kimoja nyuma ya kingine kwa kulabu, kama treni. Kilikuwa kirefu hivi kwamba kilihitaji kurasa za kukunjua, na mashine yetu ya kuchapa haikuwa na habari ya kurasa za kukunjua. Kwa hiyo kichwa cha chombo kilichapwa toleo la Machi na mkia ukatoka toleo la Aprili. Kule Dilolo wasomaji walibandika kichwa ukutani, wakakaa mwezi mzima wakituma ujumbe kuuliza kama mkia umeibwa mpakani. Tata Ngeleka, aliyeilipia karatasi hiyo, hakucheka. Sisi tulicheka kwa niaba yake.

Haya yote nayaandika kwa furaha. Sasa nitaandika yale mengine.

Mwaka 2021 Mama Nafisa alipigwa na kiharusi. Alikaa hospitali wiki nyingi, na aliporudi nyumbani alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, upande wake wa kulia umelala. Tata Alimasi hakujua njia ya kumkaribisha isipokuwa ile aliyoizoea. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amechora uani, kwa majivu, mlango mpya na ujia mpya, ili akifika tu apite kama zamani. Mtoto wao Baraka alimsukuma mama yake mpaka kwenye mstari. Kiti hakikuenea. Magurudumu yalipita juu ya kuta zote mbili na kuzifuta.

Mama Nafisa aliyatazama majivu yale. Kisha akasema polepole, kwa sababu maneno yalikuwa bado mazito mdomoni:

"Baba Baraka, mi sitaingia tena mu chombo yako."

Hakusema kwa hasira. Baraka ndiye aliyetusimulia, na alisema afadhali mama yake angekasirika.

Tata Alimasi aliendelea kuja kazini kila asubuhi, akisalimia kila mtu, akichonga penseli. Hakuchora chombo. Alichora milima ya sayari, nyuso za watu, mawingu, na ulipofika ukurasa wa chombo alinisogezea karatasi tupu na kuniomba nitumie picha ya zamani. Nilifanya hivyo. Wasomaji waligundua mara moja na wakaanza kuuliza. Tata Ngeleka aliniita pembeni kuuliza kama hadithi imekwisha, nami nikamjibu kwamba si mimi wa kuulizwa. Ukweli ni kwamba sote tuliogopa. Jarida bila Nzilo ni karatasi ya kufungia karanga, lakini hilo halikuwa la kwanza. Tuliogopa kumwona mzee wetu akikaa vile, na penseli zilizochongwa mbele yake.

Kisha siku moja alikuja na mchoro umekunjwa kwapani, akaufungua juu ya meza yangu. Ilikuwa Nzilo ya Nne. Ilikuwa nene! Ilikuwa na tumbo. Ngazi zote zilikuwa zimeondoka, na mahali pake palikuwa na miteremko mipana ya kupanda bila kukanyaga. Milango ilikuwa mipana hata watu wawili wangepita wameshikana mikono. Meza ya jikoni ilikuwa imeshushwa ili mtu aliyeketi aweze kupika. Dirisha nalo lilishushwa, ili anayeketi aone nyota sawasawa na anayesimama.

Mimi ni mpaka rangi tu, lakini miaka yote ile ilikuwa imenifundisha. Nilichukua futi nikapima, nikamwambia jambo ambalo alilijua kuliko mimi, kwamba chombo hiki hakitaenea kwenye behewa lolote.

"Najua, mama," akasema.

Tata Ngeleka, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza sasa kitafikaje Kolwezi.

Tata Alimasi alivua kofia yake. Hiyo pekee ilitutisha.

"Haitafika, tata. Itajengwa hapa."

Nje, malori yaliyobeba mali ya ardhi yetu yalikuwa yanapita kuelekea mpakani, kama yanavyopita kila siku, na tuliyasikia vizuri kuliko siku nyingine. Miaka yote hiyo sisi sote, wachoraji, wasomaji, hata mimi ninayejiona mjanja, tulikubali bila kuuliza kwamba chombo kikubwa kama kile lazima kitoke mahali pengine. Aliyetutoa katika wazo hilo ni mtu aliyetaka tu mkewe apite mlangoni.

Toleo hilo liliuzwa mpaka tukachapa tena. Wachimbaji walituandikia kuomba kazi katika kiwanda kitakachojenga chombo, wengine kwa utani, wengine sina hakika. Lakini kabla ya kuchapa, desturi ilifuatwa. Mstari wa majivu ulichorwa uani, mpana kupita yote, na sote wa ofisini tulikuwepo. Mama Nafisa aliingia mlangoni, akafuata ujia, akageuka kwenye kona na kufika jikoni, na magurudumu hayakugusa jivu. Akainua mkono wa kushoto, akasonga bukari. Tulipiga makofi kama watu wa harusi. Sawa, nililia. Nilisema tutaona.

Tata Alimasi, jarida lote linakushukuru. Tunakushukuru kwa sahani za wali wa Idi ulizotuletea bila kusahau hata mmoja wetu, kwa uvumilivu wako nilipopaka Nzilo ya Pili rangi ya machungwa, na kwa kutofunga mlango wako kwa mtu yeyote aliyekuja na mchoro wake mbaya kuomba ushauri. Adèle, ambaye atashika penseli baada yako, anasema anaogopa. Mwambie ulivyotuambia sisi, kwamba aulize kwanza nani ataingia, kisha ndipo achore mlango.

Naomba nimalizie na ukurasa wake wa mwisho, ambao mtauona katika toleo la Agosti. Nzilo ya Nne inaondoka Kolwezi. Mlangoni watu wanapunga mikono, na kwenye dirisha kubwa ameketi mwanamke mwenye kanga kwenye kiti cha magurudumu. Tata Alimasi hajawahi kumchora mkewe kabla ya hapo, na aliupeleka ukurasa nyumbani kwa ukaguzi akiwa na wasiwasi kama mwanafunzi. Mama Nafisa aliutazama juu mpaka chini. Akauliza:

"Na we, uko wapi?"

Alimjibu kwamba yeye ni mchoraji, mchoraji hayumo, yuko huku nje anachora.

"Basi nani atanisukuma kule?"

Ukurasa ulirudi kwangu siku iliyofuata ili niupake rangi. Nyuma ya kiti alikuwa ameongezwa mzee mwenye kofia nyeupe, na mikono yake yote miwili imeshika kiti.

Tata Alimasi, Mama Nafisa, tunawatakia siku nyingi, afya na amani, mkiwa pamoja.