Mama Mizani na Mlango wa Wodi ya Njiti

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Mizani, alizaliwa nyumbani tarehe 9 Juni 1966, njiti, yaani kabla miezi haijatimia. Mama yake husema, na hajatokea wa kumbishia, kwamba alilazwa ndani ya kiatu cha baba yake na nafasi ya soksi ikabaki. Wiki nzima mama huyo hakupata usingizi, akitega sikio kama kiatu kinapumua.

Alianza shule mwaka 1973. Akiwa darasa la nne, jogoo wa mwalimu mkuu alichinjwa, naye akampima kabla ya kunyonyolewa na baada yake, kisha akatangaza, "Robo ya huyu ilikuwa maringo." Alichapwa, lakini kazi yake ikawa imeshajulikana.

Alihitimu uuguzi mwaka 1988, akapangiwa wodi ya vichanga. Mizani ya huko ilitetemeka kila mlango ulipofunguliwa. Siku moja, mtoto akiwa mizanini, seremala akaingia kwa kishindo.

"We fundi! Umenivurugia mtoto!"

"Mtoto gani, dada? Sijamgusa mtu!"

"Upepo wako umemgusa!"

Fundi alirudi kurekebisha bawaba, akarudi tena na tena, hata bawaba zenyewe zikamchoka. Walifunga ndoa tarehe 14 Septemba 1991, wakajaliwa binti mmoja.

Miaka ikapita, likaletwa sanduku la kupimia, lenye kifuniko cha kuonyesha ndani. Mtoto hulazwa humo uchi, nywele zimebanwa kwa kofia zisifiche hewa. Sanduku hupima nafasi anayoichukua. Ukiijua hiyo pamoja na uzito wake, unajua mwilini mafuta ni kiasi gani na nyama kiasi gani. Mzazi mmoja aliangua kilio, "Nesi, unamtia mwanangu kwenye friji?"

"Friji ya wapi, mama? Humo kuna joto kuliko kwapani kwako."

Alitania hivyo, lakini kifuniko kikishafungwa, yeye mwenyewe alibana pumzi mpaka kifunguliwe. Alijua njiti anaweza kunenepa watu wakapiga vigelegele, kumbe ni mafuta matupu, nyama imeachwa nyuma na wenzake waliotimiza miezi.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Akiwa amelazwa, binti yake naye akajifungua njiti, ghorofa ya chini yake. Mjukuu akaongezeka uzito, ndugu wakashangilia. Yeye akauliza, "Kaongezeka nini?" Mtoto alikuwa bado na mpira wa oksijeni puani, na mwenye mpira haingii sandukuni. Kila aliyemletea chai aliulizwa kwanza habari za mpira, na chai ikapoa.

Tarehe 3 Machi 2025, mpira ukiwa umetolewa, mtoto alipimwa. Mumewe alipanda ngazi akihema.

"Mlango?"

"Nimeushika mwenyewe, mke wangu. Hata daktari nimemzuia nje."

"Haya, sema."

"Nyama inapanda. Hajawafikia waliotimiza, ila anawafukuzia."

"Basi mwongezeni maziwa, msimwongezee sifa."

Akafumba macho. Alifariki jioni ile ile.

Ameacha mama, mume, binti, na mjukuu aliyefungwa kifuani mwa mama yake pale mbele. Tafadhali, wa kumchungulia asimfunue.

Mungu amlaze pema. Mlango tumeushika sisi.