Tarehe ya Kuachiwa

Ndani ya basi, fundi cherehani alijifanya anahesabu vifungo, masikio yakiwa kiti cha mbele. Mama mmoja alikuwa akimweleza mzee wa koti la kijivu jinsi alivyokwenda kituo cha polisi mara nne kuomba kumbukumbu za kukamatwa kwa mdogo wake.

"Wanasema barua yangu haina namba ya jalada. Nikauliza namba naipata wapi, wakanijibu imo ndani ya jalada."

Mzee akacheka kwa pua. "Hamjui kuomba, ndio maana mnazungushwa. Mimi nilikuwa karani wa masjala palepale, miaka thelathini. Ulitaja tarehe gani?"

"Aliyokamatwa."

"Umeona? Majalada hupangwa kwa tarehe ya kuachiwa. Utaratibu huo niliuanzisha mimi, na mpaka leo wanaufuata." Akanyoosha kola kama anayesubiri kupigiwa makofi.

Mama akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Mzee wangu, aliyeachiwa anarudi nyumbani na mdomo wake, nitamuuliza mwenyewe. Mimi namtafuta ambaye hajaachiwa. Huyo ulimpanga wapi?"

Mzee akakohoa. Akachungulia dirishani, akasema utaratibu ni utaratibu. Basi liliposimama akainuka, akasema amefika, akashuka bila kuaga.

Fundi hupanda basi moja na mzee yule kila siku. Nyumbani kwa mzee ni vituo vitatu mbele.