Kiwanja Kiko Wazi

Benchi la kahawa la Mama Buli limeegemea karakana ya redio, kando ya uwanja wa ndege wa zamani. Wanajeshi waliujenga wakati wa vita, wakaondoka. Zikaja ndege za abiria, nazo zikakoma. Siku hizi juu ya lami ileile watu huanika mahindi na kujifunza kuendesha gari, na mwisho wake pamekatwa viwanja. Mama Buli alipata kimoja. Kajenga chumba, kamweka bintiye na kichanga chake, na nusu iliyobaki anaitafutia mpangaji. Alasiri ile alimimina kahawa nusu kikombeni, nusu mchangani.

— Jamani, kiwanja kimepata mtu. Ila mwenyewe simwelewi.

— Wa kuoa au wa kupanga? akauliza Redio, fundi wa karakana, ambaye mdomo wake hauna swichi.

— Toka hapa! Mtu mzima, kaptula ya kaki imenyooshwa pasi mpaka inakata. Kasimama katikati ya mahindi, hakukanyaga hata punje. "Mama, kiwanja kiko wazi?" Nikamjibu, "Kiko wazi baba, karibuni hata leo." Akashusha pumzi kama katua gunia. "Basi tunashuka." Nimeinama kuokota kikombe, nainuka, hayupo.

Kapteni, mzee aliyeketi mwisho wa benchi, hakucheka. Ndege hajawahi kupanda. Jina alilipata kwa kuwafukuza mbuzi uwanjani zamani zile, ndege zikija.

— Rudia ulivyomjibu.

— Kiko wazi, karibuni.

— Ndiyo maneno ya mnarani hayo, ya waongoza ndege, Mama Buli. Rubani anauliza kiwanja kiko wazi, akijibiwa kiko wazi, anashuka. Asipojibiwa, anazunguka.

— Nilisema kiwanja cha nyumba, mie!

— Yeye kauliza cha ndege.

Redio akadakia:

— Sauti haifi, bwana. Mimi hapa nina redio haina betri, haina waya, na watu ndani wanaulizana hali. Asiyekuwapo na lake halipo!

— Methali hiyo umeivalisha kanzu ya nani? Mama Buli akafoka.

— Iko ndege moja ya askari, Kapteni akasema polepole. Vita vimeisha, wa mnarani wamekwenda zao kushangilia. Marehemu baba aliisikia inazunguka, inazunguka, mpaka ikazama mawinguni. Kuanguka haikuanguka. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Hiyo ya chombo cha majini!

— Chombo ni chombo. Wanangoja jibu, nawe umewapa.

— Na chumba cha mwanao, Redio akamalizia, ndipo magurudumu yanapogusa.

Hapo punje za mahindi zikaanza kurukaruka kwenye turubai. Upepo haukuwapo.

— Nakwenda kuwaambia kimefungwa! Mama Buli akasimama, buli mkononi.

Hakufika mbali. Bintiye alikuwa anakuja mbio, kichanga mgongoni, uso umechangamka.

— Ah, mama nawe! Ungeniambia mapema basi. Wageni wako wamefika, wamejaa chumbani mpaka uani. Wapole hao, wote wamevua kofia. Nawahesabu, hesabu haitulii. Niwapikie wangapi?

Kapteni akamtazama Redio. Redio akatazama viatu vyake. Mama Buli aliweka buli chini, akamfungua mwanawe mbeleko, akamkumbatia mjukuu.