Kadi ya Njano

Kwenye jipni, zile daladala za Marikina huko Ufilipino, anayekaa nyuma ya dereva ndiye anayewapitishia abiria wote nauli zao hadi kwa dereva. Asubuhi hiyo kazi ilimwangukia Mwalimu Eufemia, mstaafu asiyependa kelele, na nauli ya jirani yake Jocelle ilimfikia pamoja na Jocelle mwenyewe, amekumbatia faili nene kama mtoto mchanga.

"Mwalimu, hebu ona! Binti yangu namsomesha nyumbani. Leo saa nane shuleni wanakagua kazi zake, wakiridhika anapanda darasa. Nimetenga masomo kwa kadi: ya bluu hesabu, ya kijani sayansi, ya njano insha. Nimenunua hadi panchi ya kutobolea karatasi!"

"Mimi nimefundisha miaka thelathini kwa chaki, na karatasi nikizifunga kwa kamba ya kiatu," Eufemia akasema. "Huyo mtoto anasoma saa ngapi, au mnashinda mkipanga rangi?"

"Anasoma sana! Fungua ujionee."

Eufemia akafungua, kwa hamu kuliko alivyotaka ionekane. Bluu imejaa. Kijani imejaa. Nyuma ya kadi ya njano hapakuwa na hata karatasi moja.

"Mungu wangu! Insha ziko nyumbani kwenye meza ya chakula!" Jocelle akanyakua faili, akagonga paa kwa sarafu kumwashiria dereva asimame. Jipni ikafunga breki.

"Umeona sasa?" Eufemia akang'aka. "Rangi zote hizo, na kazi umesahau!"

"Umeona wewe!" Jocelle akajibu akiwa tayari barabarani, mbio, huku akicheka. "Bila hiyo njano ningejuaje?"